AC ya nyumba nzima inapuliza kwa uvivu? Anzia hapa kabla ya kuongeza gesi

Februari Nairobi, jua likishapanda na vigae vya paa vikaanza kuwaka, simu za mafundi wa AC hazitulii. Lalamiko huwa moja: mtambo unaunguruma, bili ya stima inapanda, lakini ukisimama chini ya grili, hewa inayotoka haitikisi hata pazia. Jibu la fundi mwenye haraka nalo huwa moja: "Mama, gesi imeisha."

Gesi ya AC haiishi. Inazunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa pande zote, miaka nenda miaka rudi, na ikipungua basi kuna mahali inavuja. Isitoshe, gesi haisukumi hewa chumbani. Hiyo ni kazi ya feni. Upungufu wa gesi unaweza kudhoofisha hewa kwa njia moja tu, tena ya kuzunguka: koili, yaani mabomba yenye mapezi yanayopoza hewa ndani ya mtambo, inaganda barafu, barafu inaziba njia. Kwa hiyo mtu akija na mtungi begani kabla hajafungua filta, mkaribishe chai kwanza, mtungi ubaki mlangoni.

Ninayosema hapa ni ya AC ya dakti, yaani mtambo mmoja ulio juu ya dari au stoo, wenye mabomba mapana yanayopeleka hewa vyumba vyote. Nyumba nyingi za Nairobi hazina AC ya aina yoyote, na Julai ikifika hazikosi kitu. Lakini Runda, Kitisuru, Karen, Muthaiga, na katika fleti kubwa za Westlands na Kileleshwa, mitambo hii ipo. Mwenye AC ya ukutani naye atafaidika mpaka hatua ya tano. Ya sita ni ya dakti na haimhusu.

Andaa tochi, ngazi imara, bisibisi, brashi laini, barakoa ya vumbi, karatasi ya shashi na vipimajoto viwili. Vile vya jikoni vyenye sindano, vya kupimia nyama, vinatosha kabisa. Ukiwa navyo, viweke kwanza pamoja juu ya meza dakika chache uone kama vinasoma sawa.

Hatua ya 1: Ni hewa chache, au ni hewa isiyo baridi?

Watu huchanganya mambo haya mawili, na pesa nyingi hupotelea hapo. Washa AC, weka thamostati kwenye nyuzi 18 ili kompresa, pampu inayozungusha gesi, ifanye kazi kwa nguvu zote (mtambo wa inverta, ule unaobadilisha kasi ya kompresa, usipobanwa hivi hujipunguza wenyewe na vipimo vinadanganya), kisha subiri dakika 15 hivi. Kipimajoto kimoja kishike kwenye grili kubwa inayofyonza hewa kurudi mtamboni, kingine kwenye grili inayotoa hewa, ile iliyo karibu zaidi na mtambo. Toa moja kwa nyingine.

Mtambo usio na hitilafu huonyesha tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 za Selsiasi. Hewa ya Nairobi ni kavu ukilinganisha na ya Pwani, kwa hiyo tarajia namba za juu kidogo. Mombasa sehemu ya nguvu ya koili huishia kutoa maji hewani, na tofauti huwa ndogo hata mtambo ukiwa salama.

Tofauti ikizidi 12 na hewa ni dhaifu, ubaridi upo wa kutosha. Kinachokosekana ni hewa ya kuubeba. Endelea na hatua zinazofuata, wala usimruhusu mtu aguse gesi. Tofauti ikiwa chini ya 8 na hewa inatoka kwa nguvu, tatizo si la mwongozo huu: angalia kama mtambo wa nje umejaa vumbi au umezibwa na michongoma, halafu ndipo uzungumzie kompresa na gesi. Hewa ikiwa dhaifu na pia si baridi, shuku barafu, na urukie hatua ya nne.

Kuna hali nyingine inayowachanganya hata mafundi. Tofauti ni nzuri, hewa ni nzuri, lakini sebule haipoi. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa joto lile lile hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 18 kuliko ya Mombasa. Feni inasukuma ujazo ule ule wa hewa, ila ndani ya ujazo huo mna hewa kidogo ya kubeba baridi. Aliyechagua mtambo wako kwa jedwali la usawa wa bahari bila kuongeza kitu alikupa mtambo mdogo kuliko ulivyoandikwa. Hilo halitengenezwi kwa brashi. Hutengenezwa kwa mapazia mazito, kwa kuzuia joto la paa, au kwa mtambo mkubwa zaidi.

Hatua ya 2: Chora ramani ya nyumba kwa karatasi ya shashi

Pita kila chumba. Shikilia kipande cha shashi kwenye kila grili ya kutoa hewa na uandike: kinapeperuka, kinayumba, au kimetulia. Kwenye grili ya kufyonza, shashi inapaswa kunaswa na kushikika bila mkono wako.

Ramani hiyo ndiyo inayoamua uende wapi. Vyumba vyote vikiwa dhaifu kwa pamoja, chanzo kiko mahali ambapo hewa yote hupita: filta, koili, feni au grili ya kufyonza. Kimoja au viwili vikiwa dhaifu na vingine viko sawa, usihangaike na filta, panda darini. Fundi atakayekuja akaanza kufungua mtambo bila kuuliza swali hili moja, hajui anachotafuta.

Ukiwa bado unazunguka, angalia mambo madogo. Grili iliyofungwa vimbao vyake na mtoto. Kabati jipya lililosukumwa mbele ya grili ya kufyonza. Kochi. Zulia. Pazia refu linalofyonzwa na kufunika nusu ya tundu kila feni inapowaka. Grili ya kufyonza inahitaji nafasi, na katika nyumba nyingi ipo moja tu, ukumbini, mahali ambapo kila mtu angependa kuweka meza ya viatu.

Halafu milango. Wanairobi tunalala tumefunga milango ya vyumba, wengine kwa kufuli, na chini ya mlango tumeweka mpira wa kuzuia vumbi na mende. Hewa inaingizwa chumbani lakini haina pa kutokea kurudi ukumbini. Chumba kinajaa shinikizo, na grili inapunguza kutoa. Jaribu hivi: funga mlango AC ikiwa inapuliza, tazama shashi, kisha ufungue. Ikichangamka ghafla, umepata jibu bila kulipa mtu. Ondoa ule mpira, kata mlango chini sentimita mbili hivi, au mwambie seremala aweke grili ya mbao kwenye mlango.

Hatua ya 3: Filta

Zima AC kwenye thamostati, kisha uizime kwenye swichi yake kuu. Filta iko nyuma ya grili ya kufyonza, au kwenye mdomo wa mtambo wenyewe. Kuna nyumba zenye filta sehemu zote mbili, moja ikiwa imesahaulika tangu nyumba ijengwe, kwa hiyo usiridhike ukipata ya kwanza.

Inyanyue mbele ya tochi. Mwanga usipopenya, hewa nayo inapenya kwa taabu. Vitabu vya watengenezaji husema uikague kila mwezi na uibadilishe kati ya mwezi mmoja na mitatu. Kwa Nairobi mimi hushika ule mwezi mmoja kuanzia Januari mpaka mvua za masika zinyeshe, na kama kuna ghorofa linajengwa kiwanja cha jirani (na Kilimani ni kiwanja gani hakina ghorofa linalojengwa?) ikague kila wiki mbili. Vumbi la saruji ni baya kuliko la udongo mwekundu. Likikutana na unyevu wa koili hushikamana, na kulitoa kwa brashi ni shida.

Filta ya wavu wa plastiki huoshwa: maji ya vuguvugu, sabuni kidogo ya vyombo, umwagie maji kutoka upande safi kwenda upande mchafu ili vumbi lisizame ndani, kisha uianike kivulini mpaka ikauke kabisa. Ukiirudisha na unyevu utaiotesha ukungu. Filta ya karatasi iliyokunjwakunjwa haioshwi. Haipigwi kwenye ukuta pia. Vumbi gumu linatoka, lile laini linabaki na karatasi inachanika.

Ukibadilisha, tazama mshale ulio pembeni. Unaelekea mtamboni, upande inakokwenda hewa.

Usivutwe na filta nzito zaidi dukani. Zile zinazosifiwa kwa kunasa hata vijidudu, zenye kiwango cha MERV 13 na kuendelea (MERV ni kipimo cha uwezo wa filta kunasa vumbi), zinabana hewa kuliko MERV 8 ikiwa zina upana na unene sawa. Mtambo uliotengenezewa filta nyepesi utashindwa nazo hata zikiwa mpya. Ukiwa na mtu mwenye pumu nyumbani na unaihitaji filta hiyo, mwambie fundi akuwekee kisanduku cha filta yenye unene wa sentimita 10, ambayo ina karatasi nyingi zaidi ya kupitisha hewa.

Jaribio la haraka: toa filta, washa feni dakika mbili tatu, rudia shashi. Hewa ikirudi kwa nguvu, filta ndiyo iliyokuwa kikwazo. Isipobadilika, rudisha filta na uendelee. Usiiache nje hata kwa siku moja, maana vumbi litakwenda kukaa kwenye koili, na koili haibadilishwi kwa bei ya filta.

Mitambo mipya yenye mota za kujirekebisha ina tabia ya kuficha ugonjwa huu. Filta ikiziba, mota huongeza nguvu ili hewa isipungue. Utasikia mluzi kwenye grili ya kufyonza na utanunua tokeni mara nyingi zaidi kabla hujaona shashi ikilegea. Mluzi mpya ni dalili tosha.

Hatua ya 4: Barafu kwenye koili

Mwanzoni hewa ni nzuri, baada ya saa moja au mbili inafifia, ukizima usiku asubuhi inakuwa nzuri tena. Mwendo huo ni wa barafu. Fungua kifuniko cha mtambo wa ndani umulike koili, au gusa bomba nene la shaba lenye sponji: likiwa na theluji nyeupe, basi.

Usiikwangue. Mapezi ya koili ni alumini nyembamba kama karatasi, na bisibisi moja ikipenya mahali pabaya gesi itatoka kweli. Zima ubaridi, acha feni peke yake ifanye kazi. Kwenye thamostati nyingi ni kuhamisha kutoka COOL kwenda FAN. Barafu ndogo huyeyuka kwa saa chache, iliyojijenga kwa siku kadhaa huweza kuchukua siku nzima. Weka beseni na matambara chini, kwa sababu maji yatakuwa mengi kuliko sinia ya ndani inavyoweza kubeba, na dari ya jipsamu ikilowa hushuka na taa zake.

Barafu ni matokeo. Chanzo huwa kimojawapo kati ya vitatu. Cha kwanza na cha kawaida ni hewa chache juu ya koili: filta, feni, au koili yenyewe imevaa vumbi upande hewa inakoingilia. Cha pili ni gesi kupungua kwa kuvuja. Cha tatu ni cha kwetu hasa: kuendesha ubaridi wakati nje kuna baridi. Usiku wa Julai Nairobi hushuka mpaka nyuzi 12 au chini, na mitambo mingi ya kawaida isiyo ya inverta haikuundwa kupoza nje kukiwa chini ya nyuzi 18 hivi. Mtu ana wageni wengi sebuleni, joto la watu limejaa, anawasha AC saa tatu usiku mwezi wa saba. Koili inaganda, na kesho yake anaambiwa gesi. Fungua madirisha, ndugu yangu. Hewa ya bure iko nje.

Baada ya kuyeyusha, rudisha filta safi, washa ubaridi mchana, kisha tazama. Ikiganda tena na filta ni safi, grili ziko wazi na feni inazunguka vizuri, hapo sasa fundi wa gesi ana haki ya kuitwa. Aje na kifaa cha kutafutia uvujaji, na gesi aipime kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mtambo. Kwenye kibandiko hicho hicho pameandikwa aina ya gesi, iwe R-22, R-410A au R-32. Hazichanganywi. R-32 inaweza kushika moto, kwa hiyo asiyeifahamu asiiguse.

Koili chafu husafishwa kwa brashi laini kwa kufuata mapezi kutoka juu kwenda chini, kisha kwa dawa ya povu ya koili inayojisuuza kwa maji ya AC yenyewe. Mashine ya presha ya kuoshea magari isikaribie hapo, hata kama fundi ameapa. Italaza mapezi yote na utakuwa umeziba njia kwa mikono yako.

Hatua ya 5: Feni

Hapa ndipo penye mengi, na ndipo mafundi wengi hawafiki.

Zima breka ya AC ubaoni, si thamostati peke yake. Fungua kifuniko. Utaona gurudumu refu lenye vibamba vingi vidogo vilivyopinda. Kila kibamba kina mkunjo unaochota hewa. Vumbi likijaa kwenye mkunjo huo kibamba kinakuwa bapa, feni inazunguka kasi ile ile na hewa inapungua sana. Ukitazama kwa mbali linaonekana safi. Pitisha kidole ndani ya kibamba. Kikirudi na utando mzito wa kijivu, gurudumu litolewe lioshwe nje, na likirudishwa lisigeuzwe upande. Kulisafishia mahali pake huacha vumbi upande mmoja, gurudumu linapoteza mizani na mtambo unaanza kutetemeka.

Zungusha kwa mkono. Likiwa zito au linakwaruza, beringi zimekwisha. Likizunguka vyema kwa mkono lakini ukiwasha linavuma tu na kuanza kwa kusuasua, shuku kapasita, kile kikopo kinachohifadhi umeme wa kuisaidia mota. Mota za kawaida za feni huwa na kapasita ndogo, aghalabu kati ya maikrofaradi 5 na 15, na thamani na kiwango cha kosa vimeandikwa ubavuni. Kapasita ya 5 yenye alama ya asilimia 5 inapaswa kusoma kati ya 4.75 na 5.25. Ikisoma 3.8, mota inazunguka, haijafa, ila haina nguvu, na hakuna anayeishuku kwa sababu inazunguka. Luthuli Avenue utazipata kwa urahisi: chukua maikrofaradi zile zile, volti zile zile au zaidi. Lakini kapasita huhifadhi umeme hata breka ikiwa imezimwa, na inaweza kukupiga vibaya. Kama hujawahi kuitoa chaji, mwachie fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati.

Mitambo mikubwa ya zamani ina mkanda kati ya mota na feni. Ubonyeze katikati, ukilegea zaidi ya sentimita mbili hivi, au uking'aa kama kioo upande wa ndani, unateleza.

Sasa mambo matatu ya umeme ambayo yanastahili umakini.

La kwanza, mwelekeo. Nyumba kubwa nyingi zina umeme wa fezi tatu, volti 415. Ikitokea waya mbili za fezi zimebadilishana nafasi, tuseme baada ya kazi kwenye nguzo, kwenye mita au kwenye jenereta, mota ya fezi tatu inazunguka kinyume. Feni ya gurudumu ikizunguka kinyume haivuti hewa kurudi nyuma. Bado inapuliza mbele, lakini kwa nguvu ndogo sana. Kila kitu kinaonekana kipo sawa. Kwenye mwili wa feni kuna mshale: mweke mtu kwenye swichi, awashe na kuzima, utazame gurudumu likiwa linapungua kasi. Kama hewa ilidhoofika siku ile ile stima iliporudi au jenereta lilipofungwa, anza na hili kabla ya filta. Na zima mtambo upesi, kwa sababu kompresa ya fezi tatu nayo huenda inazunguka kinyume na haitadumu hivyo.

La pili, mitambo iliyoletwa kwa kontena kutoka Marekani. Umeme wa huko ni wa hezi 60, wetu ni wa hezi 50. Mota ya kawaida ya hezi 60 ikiwekwa kwenye 50 inazunguka polepole kwa karibu moja ya sita, na inapata moto kuliko inavyopaswa. Kigeuza volti hakisaidii. Kinageuza volti, hakigeuzi hezi. Soma bamba la mota. Likisema 60 pekee, hewa yako haijawahi kuwa kamili hata siku moja.

La tatu, volti. Volti zetu ni 240, lakini mwisho wa laini ndefu, jioni watu wote wakipika na kuoga, zinashuka. Hewa ikiwa nzuri saa nane mchana na dhaifu saa mbili usiku, pima volti saa hizo mbili kabla ya kufungua chochote.

Mwisho, kasi. Mota nyingi zina waya au mpangilio wa kasi tatu au zaidi, na mfungaji huziacha zilivyotoka kiwandani. Mitambo ya kisasa ya darini ina mpangilio wa shinikizo ndani ya rimoti ya ukutani, kwenye menyu ya mfungaji. Kuipandisha daraja moja ni kazi ya dakika tano, ila ifanywe baada ya kusafisha, isije ikatumiwa kuficha uchafu.

Hatua ya 6: Panda darini

Panda asubuhi, kabla ya saa tatu. Baadaye chini ya paa hapakaliki. Vaa barakoa, kanyaga mbao za dari na si jipsamu, na uwe na mtu chini anayejua uko juu.

Dakti nyingi za nyumbani ni zile laini zenye ngozi ya fedha: ndani plastiki yenye waya wa kuzunguka, katikati sufi, nje karatasi ya alumini. Ni rahisi kufunga na rahisi kuua. Fundi wa CCTV, fundi wa intaneti, fundi wa tangi la maji, kila mmoja amepita hapo juu na kila mmoja ameweka goti lake mahali. Fuata dakti ya chumba kilicho dhaifu kutoka kwenye mtambo hadi kwenye grili. Tafuta iliyobanwa chini ya bomba, iliyopinda kona kali, iliyoning'inia katikati kama tumbo, na iliyochomoka kabisa ikawa inapoza panya. Hiyo ya mwisho utaitambua kwa baridi kabla hujaiona.

Dakti laini inatakiwa ivutwe mpaka inyooke. Iliyokuwa ndefu ikaachwa imejikunja badala ya kukatwa inaongeza upinzani mara kadhaa. Ishikiliwe kila mita 1.2 hivi kwa mkanda mpana usiokata ngozi, na isishuke zaidi ya sentimita 4 kwa kila mita. Kona iwe pana, isipungue upana wa dakti yenyewe. Kurekebisha haya unahitaji kisu, vibano na saa chache, na mara nyingi ndiko chumba cha kulala cha mwisho, kile ambacho hakijawahi kupoa, kinakoponea.

Tazama dampa, vile vibamba vya kufungua na kufunga njia ya hewa, kwenye matawi ya dakti. Mkono wake ukielekea sambamba na dakti, iko wazi, ukikatiza, imefungwa. Zile za umeme, zinazofungua na kufunga kwa amri ya thamostati ya kila chumba, mota zake hufa zikiwa zimefunga.

Uvujaji kwenye maungio usiupuuze. Energy Star ya Marekani inakadiria kwamba katika nyumba ya kawaida ya huko asilimia 20 hadi 30 ya hewa ya dakti hupotelea njiani. Darini kwako pitisha uvumba uliowashwa karibu na kila ungio, feni ikiwa inapuliza. Moshi ukitawanyika ghafla, hapo pana mwanya. (Weka uvumba mbali na sufi.) Ziba kwa lami maalumu ya dakti inayopakwa kwa brashi, au kwa tepu ya alumini kwenye sehemu iliyofutwa vumbi. Tepu ya kitambaa ya kijivu, ile ambayo kila fundi anayo mfukoni na kwa Kiingereza inaitwa tepu ya dakti, ndiyo mbaya kuliko zote. Maabara ya Lawrence Berkeley kule California iliijaribu mwaka 1998 na ikaachia. Ukiiona darini kwako imekauka na kunyanyuka kingo, unajua pa kuanzia.

Hatua ya 7: Ukimwita fundi, mwombe namba

Kama umefika hapa na shashi bado imelala, kinachobaki ni vipimo ambavyo huna vifaa vyake. Mwombe mawili kwenye simu, kabla hajaja.

Kwanza, kipimo cha shinikizo kabla na baada ya mtambo, kwa paskali. Bamba la mtambo linataja kiwango cha juu unachoweza kumudu. Mitambo myembamba ya darini mingi inaishia paskali 30 au 50. Mikubwa hufika 100, 150 na zaidi. Nyumba ya ghorofa mbili yenye dakti ndefu ikifungwa mtambo mwembamba wa paskali 30, hakuna usafi utakaoiokoa. Mfungaji alichagua mtambo mfupi wa pumzi, na ni bora ujue hilo leo kuliko baada ya kubadilisha mota mbili.

Pili, kasi ya hewa kwenye kila grili, kwa kipima upepo kidogo cha mkononi. Zidisha kasi kwa eneo la grili na kwa 3,600 upate mita za ujazo kwa saa. Grili ya sentimita 30 kwa 15 ina eneo la mita za mraba 0.045, hewa ikitoka kwa mita 2.5 kwa sekunde ni kama mita za ujazo 405 kwa saa. Punguza karibu asilimia 30 kwa sababu ya vimbao vya grili, ibaki 280 hivi. Jumlisha grili zote. Kila BTU 12,000 za mtambo (BTU ni kipimo cha nguvu yake ya kupoza) zinahitaji takriban mita za ujazo 680 kwa saa, kwa hiyo mtambo wa 48,000 unapaswa kukupa karibu 2,700.

Aandike namba hizo kabla ya kugusa kitu, na azichukue tena akimaliza, kwenye karatasi ile ile, wewe ukiwa umesimama hapo. Mwenye vifaa hatakataa. Asiye navyo atakuambia, "Boss, mimi najua kwa mkono tu, nikiguza nasikia." Mlipe nauli, muachane vizuri, umtafute mwingine.